Ndizi haziingii kwenye kibubu

Lori la mafuta linalokwenda Malawi kwa njia ya mpaka wa Kasumulu halina budi kupita Tukuyu. Linatoka bandari ya Dar es Salaam, linapanda Kitonga, linafika Uyole na kukunja kushoto, linapenya ukungu wa Uporoto, kisha linateremka Kiwira, Tukuyu na Ushirika mpaka kwenye joto la Kyela. Kando ya barabara hiyo hiyo, kwa sehemu kubwa ya mwaka, utaona mikungu ya ndizi imesimamishwa ikiegemeana kama abiria waliochoka kungoja basi. Bodaboda huileta kutoka mashambani, mikungu minne au mitano kwa safari moja, imefungwa kwa kamba ya migomba yenyewe. Fuso huja kuichukua. Nyingine huelekea Mbeya na Dar es Salaam, nyingine huteremka kufuata yale malori ya mafuta, kwenda kuuzwa Karonga na kwingineko Malawi.

Machi 2025 safari hiyo ya kuteremka ilikatishwa. Serikali ya Malawi ilipiga marufuku, kwa miaka miwili, uingizaji wa bidhaa kadhaa kutoka nje: unga, mchele, tangawizi, mahindi, na ndizi. Haikuitaja Rungwe, wilaya yetu yenye Tukuyu, wala haikuwa na haja ya kuitaja. Kwa mtu wa Tukuyu, ukisema Malawi imezuia ndizi umekwisha kumtaja.

Lililofuata mnalikumbuka. Tarehe 17 Aprili, Hussein Bashe, aliyekuwa Waziri wa Kilimo wakati huo, alitoa onyo kwa nchi mbili: Malawi kwa marufuku yake mpya, na Afrika Kusini ambayo kwa miaka ilikuwa haizipokei ndizi zetu. Kama hadi Jumatano ya tarehe 23 hakutakuwa na mabadiliko, mazao ya nchi hizo nayo hayataingia Tanzania. Jumatano ikafika, marufuku ikatangazwa. Matufaha ya Afrika Kusini, yale yanayouzwa yakiwa yamefutwa yakang'aa kwenye vituo vya mabasi, yakawa ghafla bidhaa ya kisiasa. Mbolea inayopita kwetu kwenda Malawi nayo ikatiwa kwenye vitisho. Siku chache tu baadaye Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, ikatangaza kwamba zuio letu limeondolewa ili kupisha mazungumzo.

Wengi walishangilia. Tumeonyesha ubabe, walisema, jirani ameelewa. Mimi nilishangilia nusu. Nusu nyingine ilikuwa inafikiria mikungu iliyokatwa katika majuma yale, ambayo hakuna tangazo la kuondoa zuio lingeweza kuirudisha mgombani.

Marufuku zote mbili, ya Lilongwe na ya Dodoma, ni watoto wa nadharia moja yenye umri wa miaka mia nne. Wanauchumi huiita merikantilizimu. Jina hilo linakwama kooni, kwa hiyo mniruhusu niiite uchumi wa kibubu. Kibubu mnakijua: kisanduku cha mbao au kopo la bati lenye tundu jembamba juu. Sarafu inaingia, haitoki mpaka siku ya kukivunja. Kwa mujibu wa nadharia hii, nchi nayo ni kibubu. Utajiri wake ni kile kilichomo ndani, yaani dhahabu na fedha. Ukimuuzia mgeni, umeingiza. Ukinunua kwa mgeni, umetoboa. Kazi ya mtawala basi ni kuhakikisha sarafu zinazotoka kwa jirani ni nyingi kuliko zinazokwenda kwake, na kwa kuwa dhahabu ya dunia ni ile ile, kibubu changu kikijaa ni lazima cha mwingine kimepungua.

Aliyeiandika hoja hiyo kwa ufasaha ni Thomas Mun, mfanyabiashara wa London na mmoja wa wakurugenzi wa Kampuni ya India Mashariki ya Uingereza. Kitabu chake kilichapwa mwaka 1664, yeye akiwa ameshazikwa miaka zaidi ya ishirini. Kanuni yake ni fupi: kila mwaka tuwauzie wageni mali ya thamani kubwa kuliko ile tunayonunua kwao. Kisichosimuliwa sana ni kwamba Mun alianza kuandika akijitetea. Kampuni yake ilikuwa ikipeleka sarafu za fedha India ili kununua viungo na vitambaa, na watu wakapiga kelele kwamba inakitoboa kibubu cha taifa. Mun akajibu kwamba fedha hizo ni mbegu, zitarudi maradufu bidhaa za India zikiuzwa Ulaya. Mwamba ngoma huivutia kwake. Katika kusoma kwangu sijakutana na hoja ya kulinda soko la taifa ambayo nyuma yake hakuna mwenye duka, na siyo lazima awe mtu mbaya. Ni vizuri tu kumtafuta alipokaa.

Kwetu nadharia hiyo haikuletwa na kitabu. Ililetwa na mizinga. Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga Kilwa na kumlazimisha mtawala wake alipe ushuru wa dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Miaka mitatu baadaye Francisco de Almeida alikuja na kundi la meli, akauteka mji, watu wake wakaupora, wakajenga ngome. Dhahabu ya ule ushuru wa kwanza ilifuliwa Lisbon mwaka 1506 kuwa chombo cha ibada, Custódia de Belém, ambacho mpaka leo kimewekwa kwenye jumba la makumbusho la mji huo, kizuri kupindukia. Wareno wakataka dhahabu yote iliyotoka bandari ya Sofala, kusini zaidi, ipitie mikononi mwao, na majahazi katika Bahari ya Hindi yasisafiri bila kibali chao. Lakini Kilwa haikuwa mgodi. Ilikuwa soko. Ukiwafukuza wachuuzi, soko linabaki mawe. Mwaka 1512 Wareno wenyewe waliiacha ile ngome wakaondoka.

Na sisi wa Rungwe tuna kibubu chetu. Ziwa Masoko, ziwa la kreta lililo kusini mwa Tukuyu, linatulia kwenye bakuli la mlima kama chai kwenye kikombe. Wajerumani, waliouita mji wa Tukuyu Neu Langenburg, walikuwa na kituo pale, na simulizi ambayo kila mtoto wa huku ameisikia ni kwamba vita vya kwanza vya dunia vilipowazidia walitumbukiza ziwani silaha, sarafu na dhahabu. Kwamba Wajerumani wa wakati huo walikuwa na sarafu za dhahabu ni kweli: mwaka 1916, wakiwa wamezingirwa, walifua Tabora sarafu ya rupia 15 kutokana na dhahabu ya machimbo ya Sekenke. Kama ipo Masoko ama haipo, hilo nawaachia wapiga mbizi. Kinachonivutia mimi ni mahali simulizi inapotokea. Watu wamesimama katikati ya migomba, kwenye wilaya ambako mvua hainyeshi kwa mahesabu, udongo wa volkano ukitoa ndizi, chai, viazi, maziwa na maparachichi, na bado utajiri wanaousimulia kwa sauti ya kunong'ona ni ule ulioko chini ya maji.

Hapo ndipo penye kosa la nadharia nzima. Dhahabu iliyozama mwaka 1916 ukiiopoa leo ni ile ile. Uchumi wa kibubu ulibuniwa na watu ambao mali yao haiozi. Mwenye dhahabu anaweza kununa mwaka mzima. Anaweza kufunga mlango, kumgomea jirani, kusubiri bei ipande, na kesho yake hajapoteza kitu isipokuwa muda. Ndizi unaweza kuivundika, huwezi kuiweka akiba. Mkungu ukishakatwa, saa inaanza kuhesabu. Kwanza unapungua maji, kisha unaanza kugeuka rangi upande uliolaliwa, na ndizi ya kupika iliyoanza kuiva si ndizi ya kupika tena, mama mwenye kutaka kupika mbalaga haichukui. Mchuuzi naye ameshalipa shambani, ameshalipa bodaboda, ameshakata ushuru wa halmashauri, na Fuso inahesabiwa kwa siku. Akikwama Kasumulu siku tatu anauza kwa hasara. Akikwama wiki anatafuta mahali pa kumwaga, na pengine analipia kumwaga.

Ndiyo maana nasema kwamba katika ugomvi wa mpakani mwenye mali inayooza ameshashindwa kabla mawaziri hawajakaa mezani. Tazameni silaha zilizotumika Aprili ile. Malawi ilizuia ndizi, zinazooza. Sisi tukazuia matufaha, yanayooza pia, ingawa hayo yana majokofu na bima nyuma yao. Lakini tishio letu lenye uzito lilikuwa mbolea, na nyuma ya mbolea kila mtu aliona bandari. Mbolea haiozi. Petroli haiozi. Malawi haina bahari. Ina njia za Beira na Nacala kupitia Msumbiji, lakini sehemu ya mizigo yake hushukia Dar es Salaam, ambako ina bohari zake maalumu, na nyingine Mbeya. Tulishinda upesi kwa sababu tulikuwa na bandari, siyo kwa sababu hoja yetu ilikuwa bora. Na ushindi wa namna hiyo una kasoro moja: mchuuzi wa Kiwira aliyeingizwa vitani bila kuulizwa hakupata mgawo wa nyara.

Tuwatendee haki Wamalawi. Serikali haiamki tu asubuhi na kuchukia ndizi. Novemba 2023 nchi hiyo ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44 kwa mkupuo mmoja, na mwaka huo huo kimbunga Freddy kilikuwa kimeisomba kusini yake. Dola zilipokauka, foleni za mafuta zikawa ndefu. Ukiwa na dola chache kwenye kopo lako na unatakiwa uchague kati ya dawa, mafuta na ndizi za jirani, unaanza kuitazama ndizi kwa jicho baya. Halafu wanayo historia ya uchungu: migomba yao wenyewe iliangamizwa na ugonjwa wa virusi unaofupisha majani na kuyabana juu kama shada, wakalazimika kung'oa na kupanda upya, na katika pengo hilo ndipo ndizi zetu zilipopita. Mkulima wa Malawi aliyepanda miche mipya, isiyo na ugonjwa, anapoona Fuso kutoka Tukuyu anaona kile ambacho mfugaji wa Rungwe anakiona akisikia maziwa ya unga kutoka nje. Anaomba alindwe. Mimi siwezi kumcheka.

Ila yeye naye ni nani? Ng'ambo ya mto Songwe wanaishi Wangonde, na Mngonde na Mnyakyusa wakisalimiana hawahitaji mkalimani. Ni ndugu waliotenganishwa na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa Julai 1890, uliotiwa saini na watu ambao mto huo hawakuwahi kuuvuka. Kabla ya hapo, wote waliwahi kuonja vita vya biashara: Karonga ndiko kampuni ya Waskoti ya African Lakes na Mlozi, mfanyabiashara Mswahili, walikopigana kuanzia 1887, na pembe za ndovu na njia zake hazikuwa mbali na ugomvi huo. Mlozi alinyongwa na Waingereza mwaka 1895. Wakulima wa Kingonde, ambao wengi waliuawa katika mapambano yale, hawakuwa wakiuza pembe.

Kwa hiyo mpaka ukifungwa Kasumulu, ndizi hazikomi kuvuka. Zinapita njia za panya, usiku, kwa mtumbwi na kwa kichwa. Bei inapanda upande ule na kushuka upande huu, na tofauti iliyo katikati inaliwa na anayejua ni nani wa kumpa kitu kidogo. Kila marufuku ya chakula niliyowahi kuiona huzaa tajiri mmoja mpya, na hajawahi kuwa mkulima.

Sasa, kabla hatujawanyooshea Wamalawi kidole, tujitazame. Oktoba 2017 mamlaka zetu ziliteketeza kwa moto vifaranga 6,400 waliokuwa wameingizwa kutoka Kenya kupitia Namanga. Mwezi huo huo ng'ombe zaidi ya 1,300 wa Wamasai wa Kenya waliovuka kutafuta malisho walipigwa mnada. Sababu ya vifaranga ilikuwa hofu ya magonjwa, na sheria ilikuwepo, sibishi. Lakini angalieni tena ni kitu gani kiliadhibiwa: kiumbe wa siku moja, asiyeweza kusubiri rufaa. Machi 2021 Kenya nayo ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Ikaondoa zuio hilo baada ya siku chache kwa masharti mapya, lakini malori yaliendelea kusota mpakani mpaka Rais Samia Suluhu Hassan alipokwenda Nairobi mwezi Mei na wakuu wawili wakazungumza. Sumukuvu ni hatari ya kweli, inaua. Hata hivyo haijawahi kusikika kwamba ugonjwa wa punje za mahindi unatibiwa na ziara ya rais. Pale vipimo vinapotumika kama kisingizio, mkulima anajifunza kudharau vipimo, na hilo ndilo litakalotuumiza siku sumu itakapokuwa nyingi kweli.

Wakubwa wa dunia nao wamerudi kwenye kibubu, tena bila haya. Tarehe 2 Aprili 2025, wiki mbili kabla ya onyo la Bashe, Rais Donald Trump alisimama na ubao wenye majina ya nchi na asilimia za ushuru. Tanzania tuliwekewa asilimia 10, Malawi 17, na Lesotho, nchi ndogo inayoshona jinzi za Wamarekani, asilimia 50. Hesabu iliyotumika ingemfurahisha Thomas Mun: walichukua pengo la biashara kati ya Marekani na nchi husika, wakaligawa kwa thamani ya bidhaa wanazonunua huko, wakakata nusu. Basi. Lesotho ilikuwa na hatia ya kuuza suruali nyingi na kuwa maskini mno kununua ndege.

Mkitaka kujua nani anaruhusiwa kuwa na kibubu na nani haruhusiwi, kumbukeni mitumba. Machi 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuipunguza hatua kwa hatua hadi kuikomesha ili viwanda vyetu vya nguo vipumue. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, nayo ikatishia kutuondoa kwenye AGOA, mpango wake wa nafuu ya ushuru kwa bidhaa za Afrika. Kenya, Uganda na Tanzania tukarudi nyuma. Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishiwa nafuu hiyo. Nchi iliyotufundisha ubaya wa kulinda viwanda ndiyo ambayo Alexander Hamilton, waziri wake wa kwanza wa fedha, aliishauri mwaka 1791 ivilinde vyake. Waingereza nao waliwahi kuzuia kwa sheria vitambaa vya India vilivyochapwa, mwaka 1700 na tena 1721, mpaka mashine zao zilipopata nguvu. Kwa hiyo msomaji asidhani ninahubiri milango wazi. Adam Smith, aliyewashambulia watu wa kibubu mwaka 1776 na kusema utajiri wa taifa ni vitu ambavyo watu wake wanazalisha na kutumia, alikuwa sahihi kuhusu dhahabu. Kuhusu kiwanda kichanga, historia ya nchi yake mwenyewe inamsuta.

Kinachonisumbua siyo kulinda. Ni kulinda kitu gani, kwa muda gani, na gharama imewekwa begani kwa nani.

Chukulieni dhahabu. Tangu Oktoba 2024 wenye leseni za kuchimba na kufanya biashara ya dhahabu wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 kwa ajili ya kuiuzia Benki Kuu. Huu ni uchumi wa kibubu mtupu, wa tangu enzi, na mimi sina ugomvi nao. Dhahabu ya Chunya, hapo jirani zetu, ikikaa kwenye hifadhi ya Benki Kuu haitabadilika rangi, na shilingi inapata mgongo. Kibubu kiliundwa kwa ajili ya kitu cha namna hiyo.

Chukulieni chai. Ilipandwa huku, Kyimbila, mwaka 1904, katika miaka ile ile Wajerumani walipoijaribu Amani. Jani bichi la chai lina saa fupi kuliko hata ndizi. Likichumwa asubuhi ni lazima lifike kiwandani siku hiyo. Maana yake mkulima wa chai hana soko, ana kiwanda. Hawezi kubeba kapu lake kwenda kutafuta bei nzuri wilaya nyingine. Wakulima wadogo wa Rungwe walilijua hilo mapema, ndiyo sababu walijiunga wakawa na hisa katika kampuni ya chai yenye viwanda vya Katumba na Mwakaleli. Ule ndio ulinzi ninaouelewa: siyo kumzuia mgeni, bali kushika kipande cha mahali ambapo mali yako inaacha kuoza. Chai iliyokaushwa inasubiri. Mwenye kiwanda ndiye mwenye uwezo wa kununa.

Kwa miongo mingi chai hiyo ilikwenda kunadiwa Mombasa. Novemba 2023 tukaanzisha mnada wetu Dar es Salaam, kwa hoja kwamba ada na ajira zibaki nyumbani. Ni nia njema na inafaa kujaribiwa, lakini tusijidanganye. Mombasa haikupewa wanunuzi kwa amri. Iliwavuta kwa kuwakusanyia chai za nchi nyingi mahali pamoja, ili waje mara moja wanunue zote. Mnada ni watu walioinua mikono. Ukiwa na ukumbi na nyundo bila mikono, una ukumbi na nyundo.

Mfano wa mwisho unanikera zaidi, kwa sababu umekuja kwa jina la kutupenda. Julai 2025 Wizara ya Viwanda na Biashara ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara 15, zikiwemo wakala wa fedha kwa simu, saluni, kutengeneza simu na kuongoza watalii. Humo humo ikatiwa ununuzi wa mazao shambani. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo. Nazielewa sababu za saluni na simu. Kijana wa Kariakoo ana hoja. Lakini ununuzi wa shambani? Mwenye shamba la parachichi Rungwe ana matunda yaliyokomaa, yanangoja mnunuzi. Kila mnunuzi anayeondolewa kwenye kitalu chake ni sauti moja iliyopungua kwenye mnada usio rasmi unaofanyika chini ya mti wake. Aliyelindwa pale ni dalali wa nyumbani, ambaye sasa anajua mzee huyo hana mtu mwingine wa kumwita. Dalali ni raia, sawa. Hata mkulima ni raia.

Nasikia jibu: wageni wananunua kwa bei ya kutupa, wanapeleka kwao na kubandika jina lao. Ni kweli kwamba maparachichi yetu mengi yaliwahi kusafiri duniani yakiitwa ya Kenya. Lakini dawa yake tumeshaiona ikifanya kazi: nyumba za kufungashia hapa hapa, makubaliano ya moja kwa moja na wanunuzi wa mbali kama yale ya Novemba 2022 yaliyofungua mlango wa China, vyumba vya baridi, wakaguzi wa afya ya mimea ambao vyeti vyao vinaaminika. Hivyo vyote vinamwongezea mkulima muda. Amri inampunguzia wanunuzi na kumwachia muda ule ule.

Sasa kwa wale wanaokaa mezani na wenzao wa Lilongwe na Pretoria. Sitegemei mfute marufuku zote. Itifaki ya Biashara ya SADC ya mwaka 1996 yenyewe inaruhusu nchi kukilinda kwa muda kiwanda kichanga, na Malawi ina haki ya kuotesha migomba yake. Ninaomba kifungu kimoja tu, kiandikwe, kitiwe saini, kibandikwe kwenye ukuta wa forodha Kasumulu kwa Kiswahili na kwa Kichewa: marufuku yoyote ya mazao yanayooza itangazwe siku 30 kabla, na mkungu uliokwisha kukatwa upite. Na pale serikali yetu inapoamua, kwa sababu nzuri, kulipiza kisasi kwa kutumia mipaka, iwe na mfuko wa kumfidia mchuuzi ambaye Fuso yake imekamatwa katikati ya kisasi hicho. Askari analipwa posho ya vitani. Mwenye ndizi alipelekwa vitani na mtaji wake.

Mkiona siku 30 ni nyingi, njooni Kiwira mkate mkungu Jumatatu, muuache barabarani, mrudi Jumatatu inayofuata mkiwa na mnunuzi.